Keki Iliyosafiri na Kibali cha Msiba

Dada yangu Dafroza akipanda gari na keki hakuwa anakanyaga sakafu kwa visigino. Alisimamisha miguu kwenye ncha za vidole, magoti yameinuka, juu ya magoti gunia lililojazwa pamba nusu, na juu ya gunia boksi la keki. Gari likiingia shimoni, magoti yake yalishuka kidogo yakapanda kidogo, na keki haikujua kama barabarani kuna shimo. Hivyo ndivyo alivyosafiri kutoka Mukendo, pale Musoma mjini alipopanga, hadi Bunda na vijiji vya njiani, mwaka baada ya mwaka, akipeleka keki za harusi, za ubatizo na za mapadri wapya. Madereva walimcheka. Yeye aliwaambia wacheke wanavyotaka, mradi wasifunge breki ghafla.

Watu wakimtaja siku hizi husema tu "yule mama wa keki". Mimi ni mdogo wake, naitwa Getruda, na jina hilo silipendi hata kidogo, kwa sababu linamfanya aonekane mtu aliyeishi maisha yake yote kwenye vigelegele. Keki aliyoileta kwenye harusi yangu mimi, nyumbani kwetu Butiama, mwaka wa themanini na tatu, ndiyo iliyompotezea baba. Nitaeleza ilivyokuwa. Sitamtetea sana, maana kosa alilifanya kwa mkono wake. Lakini atakayesema lilikuwa lake peke yake, huyo hakuishi miaka ile.

Kuoka alijifunza kwa masista alikokuwa akifua na kupika kabla ya kuolewa. Mume alipokwenda kutafuta kazi Tarime na kusahau njia ya kurudi, dada alibaki na watoto watatu na sufuria mbili kubwa. Tanuri hakuwa nalo. Alitandika mchanga ndani ya sufuria pana, akaweka bati la keki juu ya mchanga, akafunika, akapanga mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Hakutumia saa. Alisogeza pua, akanusa, akasema bado, au akasema tayari. Siagi ilikuwa samli ya ng'ombe wa baba. Ile sukari nyeupe laini ya kupambia, ambayo masista waliletewa kwa makopo, yeye aliitwanga mwenyewe kwenye kinu na kuichekecha kwa soksi ndefu ya nailoni, kisha akaipiga na ute wa yai mpaka mkono ukafa ganzi.

Kwa hiyo kila kitu kilitegemea sukari, na sukari haikuwepo.

Waliozaliwa juzi hawawezi kuelewa. Dukani palikuwa na rafu, muuza duka na kalenda ukutani. Ukitaka sukari ulikwenda kwa balozi wako wa nyumba kumi, akakuandikia barua, ukaipeleka ofisini, karani akakupa kibali, na kibali ukakipeleka duka la ushirika siku mzigo ukishuka. Na karani hatoi kibali hivi hivi. Anauliza shughuli gani. Ukisema harusi, unapata kilo mbili. Ukisema msiba, unapata kilo kumi, kwa sababu msiba una watu wengi na serikali nayo ina huruma yake. Hesabu hiyo mtu yeyote mwenye akili angeielewa, na dada yangu alikuwa na akili.

Alianza na bibi yetu, aliyekuwa amekufa tangu mimi niko darasa la pili. Kumbe bibi alikufa tena, na harusi moja ya Bunda ikapata keki ya ghorofa tatu. Akafuata mjomba. Akafuata mama yetu, na hapo najua dada hakulala vizuri, kwa sababu alikuja nyumbani akafagia kaburi na kulimwagia maji bila kumwambia mtu sababu. Wote walikuwa wafu wa kijijini, na balozi wa Mukendo hakuwa na njia ya kujua walikufa lini. Alisema pole, akaandika. Sioni aibu kusema kwamba marehemu wa ukoo wetu waliozesha watu wengi.

Basi mimi nikaposwa. Renatus alikuwa mwalimu Bunda, mpole, wa familia yenye kuangalia mambo. Ng'ombe walishatolewa, padri ametangaza, siku imewekwa Jumamosi. Dada akasema keki ya mdogo wake itakuwa ya ghorofa nne na chai itakuwa na sukari kwa kila mgeni, hata kama ni jirani asiyealikwa. Alisema hivyo mbele ya baba, na baba akacheka.

Inabidi mumjue baba. Aliitwa Stanislausi Magesa, mfugaji, mrefu, mkali wa sauti, hakujua kusoma. Hakupata mtoto wa kiume aliyeishi, na Dafroza alikuwa wa kwanza, kwa hiyo kila jambo la mji wake lilikwenda kwake. Ng'ombe akipotea, utasikia toka zizini, "Dafroza!" Mgeni akija, "Dafroza!" Hata alipokuwa ameshaolewa, baba alilitamka jina hilo kwa mazoea, kisha akakumbuka hayupo, akaniita mimi kwa sauti ndogo kidogo. Nilimwonea dada wivu kwa hilo, nakiri.

Dada alipokaa chini kutafuta marehemu wa kuandika kwa ajili ya harusi yangu, aliwakosa. Alikuwa amewamaliza. Na mwaka huo mambo yalikuwa yamebadilika. Karani alishaanza kuuliza, marehemu ni nani kwako? Ndugu wa mbali alikataliwa. Alitakiwa mzazi, mume au mtoto. Mume hakumwandika, kwa sababu kila mtu Mukendo alijua yule bwana yuko hai na mwanamke mwingine. Watoto wake hakuthubutu hata kuwawaza. Akabaki baba.

Kwetu jina la mtu mzima aliye hai haliwekwi karibu na kifo, hata kwa utani. Dada alilijua hilo kuliko mimi. Aliniambia baadaye kwamba balozi alipoanza kuandika alimwomba aandike "Magesa" tu, aache Stanislausi, kana kwamba kifo kingebabaika kwa jina pungufu. Balozi alikataa. Aliandika yote, na kijiji, na siku.

Wiki iliyofuata redio ikaanza kuwataja wahujumu uchumi.

Sijui niielezeje hofu ile. Mfanyabiashara wa jirani alichukuliwa asubuhi na suruali ya kulalia. Watu walioficha sabuni na unga walivimwaga. Walioishi karibu na maji walisema asubuhi ufukweni palikuwa na povu. Mwanamke mmoja alizika katoni ya vibiriti shambani, mvua ikanyesha. Kila barabara ikawekwa kizuizi, na ukikutwa na kitu, hata kilo moja, swali lilikuwa moja: umekipata wapi? Mwenye karatasi alipita. Asiye na karatasi alipandishwa gari.

Kwa hiyo kile kibali, ambacho dada alikuwa amepanga kukichoma kwenye mkaa ule ule wa keki, akalazimika kukitunza. Alikuwa na kilo nne za sukari ya chai ndani ya fungu la kanga, na keki nyeupe ya ghorofa nne ambayo kipofu angeiona. Jumamosi asubuhi alipanda lori la pamba la Boniphace, dereva aliyezoeana naye, akakaa mbele, visigino juu. Kibali kilikuwa kifuani, ndani ya sidiria. Alikuwa akipeleka harusini kwa baba yake karatasi yenye muhuri inayosema baba yake amekufa.

Makutano, mahali njia ya Butiama inapoiacha barabara kuu, mgambo walisimamisha lori. Mmoja wao, Mwikwabe, alifungua mlango wa upande wa dada.

"Mama, hiyo nini?"

"Keki."

"Na hilo fungu?"

"Sukari kidogo. Ina kibali."

Alikisoma polepole, midomo ikicheza. Boniphace alinisimulia kwamba alimtazama dada usoni na kuona jasho linamtoka juu ya mdomo, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi.

"Mzee Stanislausi Magesa," Mwikwabe alisema. "Wa Butiama? Mwenye ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Amekufa lini? Huyo mzee namjuaga. Alinipaga ndama wakati baba yangu amefilisika."

Nimemwuliza mara nyingi kwa nini hakusema ukweli pale. Hunijibu kwa kuniuliza, ningesema nini? Kwamba nimeidanganya ofisi, nimepata sukari ya serikali kwa uongo, na hii hapa? Watoto watatu walikuwa Mukendo wanamsubiri.

"Wiki jana," alisema.

"Na keki? Kwenye msiba mnakulaga keki?"

"Aliacha neno. Alisema harusi ya mdogo wangu isivunjwe kwa ajili yake."

Mwikwabe alivua kofia. Alimrudishia kibali kwa mikono miwili, akasema, "Pole sana, dada. Mzee huyo alikuwa mtu." Kisha akafunga mlango taratibu, asije akaitikisa keki. Lori lilipoondoka, dada aliangalia kwenye kioo cha pembeni akamwona akimsimamisha mtu wa baiskeli na kumtuma na habari ya msiba, akimwonyesha kwa mkono upande wa mashambani, upande anakoishi shangazi Mbuke.

Shangazi Mbuke ni dada wa baba, wa tumbo moja.

Boniphace alisema toka hapo dada alishusha visigino sakafuni. Keki ya juu ikapata ufa, na hakuushughulikia.

Mimi nilikuwa chumbani nimeshavaa gauni. Tulikuwa tumerudi kutoka kanisani na wageni walikuwa wanakaa chini ya turubai uani, baba katikati na suti aliyoazima, amenyoa ndevu, amependeza. Nilisikia lori, nikafurahi. Dada aliingia chumbani, akafunga mlango, akanishika mkono wangu wenye glavu.

"Getruda, nimemuua baba."

Nilidhani lori limemgonga. Akatoa karatasi kifuani, akanisomea. Nilimwuliza nani anajua. Akasema, "Shangazi. Kama huyo wa baiskeli amefika."

"Basi mwambie baba sasa hivi. Mwambie wewe kabla hajasikia."

"Mbele ya wakwe zako?"

Na hapa ndipo ninaposema kosa halikuwa lake peke yake. Nilitazama dirishani, nikawaona wazazi wa Renatus wamekaa na watu wao wa Bunda, wametulia kwa heshima. Nikaona haya. Nikafikiri labda baiskeli imepata pancha, labda shangazi yuko njiani tayari anakuja harusini na hakukutwa nyumbani. Nikasema, "Ngoja kwanza tukate keki." Niliyasema hayo mimi. Dada alikuwa ameshashika kitasa cha mlango, na akakiachia.

Tukatoka. Keki ikapangwa mezani, ghorofa juu ya ghorofa, ufa ukageuziwa nyuma. Watu walishangilia. Sukari ya namna ile hawakuwa wameiona miaka miwili. Mimi nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, na masikio yangu yalikuwa barabarani. Dada alisimama nyuma ya meza na kisu mkononi. Hakuna aliyejua kitu isipokuwa sisi wawili, na kuku walipokimbia kwenye kichochoro tulishtuka pamoja.

Msemaji akasema sasa maharusi watawalisha wazazi. Baba akainuka kutoka kwenye kiti.

Sauti ilianzia mbali, kwenye mihogo. Kwanza watu walidhani ni kigelegele cha mgeni aliyechelewa, na mama mmoja akakiitikia. Kisha ikakaribia, na kila mwanamke wa Butiama akaijua. Kwetu kilio cha dada wa marehemu kina namna yake. Anaanza nje ya mji, anataja jina la baba yao, la mama yao, na la mwisho analotaja ni la aliyekufa. Shangazi Mbuke aliingia uani amefunga kanga kiunoni, kichwa wazi, miguu imejaa vumbi, mikono juu. Nyuma yake wanawake watatu wa kwake. Alitaja jina la babu. Alitaja jina la bibi. Alitaja Stanislausi, na hapo akafumbua macho, akamwona amesimama na kipande cha keki mbele ya mdomo.

Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale.

Baba aliusogeza mkono wangu taratibu, na keki ikabaki kwenye vidole vyangu.

"Mbuke, nani amekwambia?"

"Mtu wa baiskeli, katumwa na mgambo wa Makutano. Amesema tu haupo tena. Mgambo ameambiwa na mwanamke wa keki."

Hakuna aliyehitaji kugeuka, lakini wote waligeuka. Dada aliweka kisu. Angeweza kusema mgambo amekosea jina. Nilimwomba Mungu aseme hivyo. Badala yake alizunguka meza, akapiga magoti mbele ya baba, akatoa karatasi.

"Nisomee," baba alisema.

"Baba."

"Mimi sijui kusoma. Nisomee."

Akasoma. Jina la marehemu, Stanislausi Magesa. Kijiji. Siku ya kifo. Idhini ya sukari, kilo kumi. Jina la mwombaji. Uhusiano na marehemu: binti. Alisoma yote kwa sauti ya darasani, na sauti haikukatika mpaka neno la mwisho.

Baba aliuliza, "Kilo kumi?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa keki."

"Na chai."

Mtu mmoja wa upande wa Bunda alicheka kwa woga, akanyamazishwa. Baba alitazama karatasi muda mrefu ingawa hakujua hata herufi moja. Nilitegemea bakora. Nilitegemea laana, na hiyo ndiyo niliyoiogopa zaidi, kwa sababu laana ya baba kwetu inakufuata mpaka kwenye kizazi chako. Lakini hakuinua hata sauti.

"Kilio cha dada yangu kimeshaingia kwangu," alisema. "Hakiwezi kurudi hivi hivi. Chinjeni beberu. Kaka yangu atakaa kwenye kiti changu aozeshe kimila. Mimi marehemu siozeshi mtu."

Alitoka kwa njia ya zizi, wazee wawili nyuma yake, wakamzungusha nje ya mji na kumwingiza kwa upande mwingine kama mgeni, wakamnawisha kwa majani ya tumboni mwa beberu, kumwondolea kifo. Yalifanywa yote yanayofanywa. Mimi niliozeshwa na baba mkubwa. Keki ililiwa, maana watu walikuwa na njaa ya sukari, na waliila huku wameinamisha macho. Baba hakuionja.

Toka siku hiyo hakumlaani dada, hakumfukuza, hakumsema kwa watu. Aliacha tu kumwita. Akitaka kumtaja alisema "yule wa Mukendo". Dada akija nyumbani, baba alimwitikia salamu, akamtazama usawa wa mabega. Chakula alichopika dada hakukigusa, alisema ameshiba. Jina ambalo uani kwetu lilisikika kutwa nzima likafa, na ng'ombe wakipotea baba aliwatafuta mwenyewe.

Dada aliendelea kuoka, angefanya nini. Nilimwambia baba hata mimi nina hatia, nilimzuia asiseme. Alinijibu, "Wewe hukuandika." Basi.

Kisha dunia ikageuka. Maduka yakafunguliwa, sukari ikamwagika, ya nje na ya ndani, hakuna kibali wala balozi. Kila harusi ikataka keki, na vijana wa Musoma wakazipeleka kwa pikapu huku muziki unalia. Dada alijenga nyumba ndogo Bweri, pembeni ya mji wa Musoma. Alipata sifa, alipata wateja hadi kupita Bunda, na kila Krismasi alimpelekea baba keki akiwa na visigino juu njia nzima. Keki ilipokewa na shangazi Mbuke, ikagawiwa watoto wa majirani.

Mwaka wa tisini na nne baba alianza kuumwa tumbo. Kijijini hapakuwa na matibabu ya ugonjwa wake, na Bunda kwangu ni mbali na hospitali ya mkoa, kwa hiyo akapelekwa Bweri. Alikubali kulala kwenye nyumba ile. Kula kwa mkono wa mwenye nyumba alikataa, hata mwili ulipobaki mifupa. Ilibidi nihamie pale nimlishe mimi. Dada alipika uji, akanipa kikombe mlangoni baba asimwone, akarudi jikoni. Wiki tatu tuliishi hivyo. Nilimwona akikonda pamoja naye, na alikuwa akiogopa kitu kimoja tu, kwamba mzee ataondoka na kinywa kikiwa kimefungwa juu yake.

Asubuhi moja nilichelewa hospitali kwenye foleni ya dawa. Niliporudi nilikuta mlango wa chumba uko wazi. Dada alikuwa amekaa kando ya kitanda, kijiko mkononi, na baba anafungua mdomo. Alimeza polepole. Kikombe kilikuwa kimebaki nusu. Nilisimama pale pale bila kuvua viatu.

Alipomaliza alimfuta kidevu. Baba alimtazama, safari hii machoni.

"Dafroza," alisema. "Sasa kaandike."

Dada alilia, na mimi mlangoni nikalia, na wala hatukuwa tunalilia kifo. Ilikuwa miaka kumi na moja hajaitwa.